Usipoziba ufa wa kioo cha lori, utanunua kioo kizima

WASAFIRISHAJI wa mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na nchi jirani za Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamezoea kupiga hesabu ya mafuta, matairi, foleni za mpakani na tozo za barabara. Kioo cha mbele huwa hakimo katika hesabu hiyo hadi siku kinapopasuka.

Hata hivyo, kioo hicho mara nyingi hakipasuki kwa siku moja. Huanza na kokoto iliyorushwa na tairi la gari jingine na kuacha kijishimo cha ukubwa wa punje ya dengu. Dereva hukitazama, hukipapasa kwa kidole, kisha huendelea na safari. Baada ya siku tatu, au wiki tatu, ufa hutoka kwenye kijishimo hicho na kukata kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi ambayo fundi angeimaliza chini ya saa moja sasa inadai kioo kipya, mafundi wawili au watatu, na lori lililosimama.

Makala haya yanaeleza ni alama zipi zinazoweza kuzibwa, zipi zisizozibika, na kwa nini uamuzi huo hutegemea zaidi makubaliano kati ya tajiri na dereva wake kuliko ufundi wenyewe.

Kioo chenye tabaka tatu

Kioo cha mbele cha lori la kisasa ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati yake kukiwa na utando wa plastiki laini unaoonyesha. Utando huo kwa kawaida una unene wa milimita 0.76 tu, lakini ndio unaozuia vipande visimrukie dereva. Wazo hilo ni la zamani: mkemia wa Ufaransa, Edouard Bénédictus, aligundua mwaka 1903 kwamba chupa iliyopakwa utando kwa ndani inaweza kuvunjika bila kusambaratika.

Kokoto inapogonga, kwa kawaida huumiza kioo cha nje peke yake. Utando na kioo cha ndani hubaki salama. Hapo ndipo ulipo uwezekano wa kukitengeneza. Fundi haunganishi vioo viwili vilivyoachana. Anachofanya ni kuondoa hewa iliyoingia kwenye mpasuko wa kioo cha nje na kuweka mahali pake gundi maalumu ya majimaji, ambayo ikikauka hushikamana na kioo na kupitisha mwanga karibu sawa na kioo chenyewe. Ufundi huo ulianza kuenea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Vioo vya milangoni ni jambo jingine. Hivyo kwa kawaida ni vya tabaka moja lililopikwa kwa joto kali ili liwe gumu, na vikigongwa sawasawa huanguka vyote chembechembe. Hakuna gundi inayovisaidia. Fundi anayedai kuziba ufa wa kioo cha mlangoni hajui kazi anayoiomba.

Ipi inazibika, ipi haizibiki

Alama za mawe hazifanani. Ipo inayoacha duara safi lenye kitone katikati. Ipo ya nusu duara kama mwezi mchanga. Ipo ya nyota, yenye miguu inayotawanyika kutoka sehemu moja, na hii ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa kuwa kila mguu ni ufa unaosubiri sababu ya kukua. Ipo pia inayochanganya duara na nyota. Mwisho ni ufa mrefu wenyewe.

Kiwango cha Marekani cha utengenezaji wa vioo vya magari, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, kinaruhusu kuziba duara lenye upana usiozidi milimita 25, nyota isiyozidi milimita 75, mchanganyiko ambao kiini chake hakizidi milimita 50, na ufa usiozidi milimita 350. Dereva asiye na futi anaweza kutumia kadi ya benki, ambayo upande wake mrefu unazidi kidogo milimita 85 na upande mfupi ni kama milimita 54. Nyota inayozidi upande mrefu wa kadi imekwisha kuvuka mpaka. Kwa ufa, karatasi ya kawaida ya ofisini inatosha: upande wake mrefu ni milimita 297, kwa hiyo ufa unaozidi karatasi hiyo kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu haufai tena kuzibwa.

Ukubwa peke yake hautoshi. Kioo hakizibiki iwapo cha ndani nacho kimeumia, iwapo utando wa katikati umechanika, au iwapo uchafu na maji vimekwisha kuingia hadi kwenye utando na kuacha weupe. Ufa unaofika ukingoni mwa kioo ni mgumu kuliko ule wa katikati, kwa kuwa pembeni ndiko kioo kinakobanwa na bodi, na kila mtikisiko wa kebini huishia hapo.

Kisha lipo suala la macho ya dereva. Alama iliyozibwa vizuri haitoweki. Hubaki doa dogo, kama tone la maji lililokauka, na anayemwahidi mteja kwamba kioo kitakuwa kama kipya anamdanganya. Doa hilo likiwa upande wa utingo halimsumbui mtu. Likiwa mbele ya macho ya dereva, taa za gari linalokuja usiku hutawanyika ndani yake. Ndiyo maana ukaguzi wa magari nchini Uingereza huwa mkali zaidi kwenye ukanda ulio mbele ya usukani, wenye upana wa milimita 290 kwa magari madogo na 350 kwa makubwa: ndani ya ukanda huo kasoro haipaswi kuzidi milimita 10, wakati kwingineko kwenye eneo linalofutwa na waipa huvumiliwa hadi milimita 40.

Vipimo hivyo ni vya ughaibuni na havina nguvu ya sheria katika ukanda huu. Lakini sheria za usalama barabarani za nchi zote ambazo malori haya hupita zinataka gari liwe zima na dereva aone mbele bila kizuizi, na askari anayetaka sababu ya kusimamisha lori haendi mbali: ufa wa kioo huonekana kabla hajafungua mlango.

Kwa nini upande wa dereva

Madereva wa njia ya Tunduma hulalamika kwamba mawe huwafuata wao na kumwacha utingo. Malalamiko hayo yana ukweli. Tanzania na Zambia magari hupita kushoto na usukani uko kulia, maana yake dereva amekaa upande wa katikati ya barabara, karibu na matairi ya lori linalokuja. Kokoto inayorushwa na lori hilo hupiga nusu ya kulia ya kioo, ambayo ndiyo yenye masharti makali zaidi ya matengenezo.

Lori likishavuka Kasumbalesa kuingia Kongo, ambako magari hupita kulia, mambo hugeuka. Dereva mwenye usukani wa kulia hujikuta ukingoni mwa barabara, na mawe ya wanaokuja humwendea utingo. Hivyo hivyo huwapata wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda au Kabanga kuingia Burundi.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo, si kwa uwiano wa kawaida. Lori linalopunguza kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60 limepunguza nguvu ya kokoto iliyo hewani kwa asilimia 44. Na malori mawili yanayopishana, kila moja likiwa kwenye 80, yanaweza kuifanya kokoto igonge kioo kwa nguvu mara nne ya ile ambayo ingekuwapo kama kokoto hiyo ingekuwa imetulia hewani. Hii ndiyo sababu sehemu zilizomwagwa kokoto za lami mpya, na michepuko ya vumbi pembeni mwa barabara zinazojengwa, huua vioo vingi kuliko mashimo. Vibao vya kupunguza mwendo vinavyowekwa hapo havikuwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa barabara peke yao.

Matairi ya nyuma yanayokwenda mawili mawili huongeza tatizo. Jiwe hukwama katikati ya tairi na tairi, hubebwa kilomita kadhaa, kisha hufyatuka. Utingo anayegonga matairi kwa nyundo kituoni kusikiliza upepo angefaa pia kuchungulia katikati yake. Madigadi yaliyokatika na turubai lisilofunika shehena ya kokoto ni makosa ya wengine, lakini anayelipia kioo ni yule aliye nyuma yao.

Joto, baridi na matuta

Alama ya jiwe inaweza kukaa miezi bila kusogea. Kinachoifanya ikue ni mambo matatu: kioo kupanuka na kusinyaa kwa joto na baridi, bodi kujipinda, na maji.

Njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yenye zaidi ya kilomita 900, inayo yote matatu. Lori huondoka kwenye joto la pwani, hupita Mikumi na bonde la Ruaha Mbuyuni ambako kebini huwa kama tanuri, hupanda Kitonga, na usiku huohuo hufika Iringa au Makambako ambako mwezi Juni na Julai dereva huvaa koti. Kioo cha nje hupoa haraka kuliko cha ndani, hasa kebini ikiwa imefungwa na injini inatoa joto. Mvutano huo huishia kwenye ncha ya ufa.

Matuta hufanya kazi iliyobaki. Gurudumu moja likipanda tuta kabla ya jingine, kebini hujipinda kidogo na kioo hulazimika kufuata. Kwenye magari ya zamani ambayo kioo hushikwa na mpira, upo unafuu wa kucheza. Kwenye mapya ambayo kioo kimebandikwa kwa gundi, kioo ni sehemu ya bodi na hubeba mzigo pamoja nayo.

Kosa la kawaida zaidi hutokea foleni inaposimama. Malori hukaa juani, kioo kinachemka, kijana anakuja na ndoo ya maji baridi kuosha kwa bei ya maelewano. Maji hayo yakikuta kijishimo, ufa unaweza kukimbia huku dereva akitazama. Kuwasha kiyoyozi kwa nguvu zote na kuelekeza upepo wake kwenye kioo kilichotoka juani huleta matokeo hayohayo.

Saa ya kwanza baada ya jiwe

Dereva hana haja ya kuwa fundi. Anachotakiwa kufanya ni kidogo, ila akifanye mapema: asimame mahali salama, asubiri kioo kipoe, asikioshe, kisha abandike kipande cha selotepu safi juu ya kijishimo ili vumbi na maji visiingie. Asijaribu kung'oa vipande kwa ncha ya kisu. Apige picha kwa simu, kadi ya benki ikiwa pembeni kama kipimo, aitume ofisini.

Selotepu hiyo ndiyo inayoamua ubora wa kazi itakayofuata. Gundi ya kuzibia haiwezi kuingia mahali palipojaa vumbi la Tunduma au povu la sabuni, na fundi mzuri akikuta hivyo atasema wazi kwamba doa litabaki kubwa.

Zipo dawa za njiani ambazo ni hasara. Supagluu ndiyo mbaya kuliko zote. Inakauka kabla ya kufika kwenye ncha za mpasuko, inakuwa ngumu bila unyumbufu, inabadilika rangi, na inafunga njia ambayo gundi ya kweli ingepitia. Aliyeipaka amefanya alama inayozibika iwe isiyozibika. Rangi ya kucha huzuia uchafu kwa siku chache na madhara yake ni madogo, lakini selotepu inatosha na haihitaji kukwanguliwa.

Fundi anavyofanya kazi

Kwanza hukagua kwa kurunzi na lenzi, ndani na nje. Hukausha unyevu kwa joto la taratibu. Huondoa vumbi la kioo lililolegea. Kisha hufunga kifaa chenye miguu ya kufyonza juu ya kijishimo, huvuta hewa itoke, na husukuma gundi iingie. Zoezi la kuvuta na kusukuma hurudiwa mara kadhaa hadi miguu ya nyota ipotee machoni. Ufa mrefu huhitaji kwanza kutobolewa tundu dogo kwenye ncha, kwa mashine ya kasi na ncha nyembamba, na tundu hilo lisivuke kioo cha nje. Kazi hii haifanywi kwa drili ya mbao.

Gundi hukaushwa kwa miale ya urujuanimno, ileile iliyomo kwenye jua. Hapo ndipo mafundi wa barabarani wanapokosea. Katika nchi zetu jua hilo liko bure na ni kali mno: gundi ikisukumwa juani hukauka mdomoni mwa kijishimo kabla ya kufika ndani. Kazi hufanywa kivulini, kioo kikiwa cha vuguvugu, na jua au taa maalumu huja mwishoni. Kioo kinachounguza kiganja hakijawa tayari. Mwisho fundi hujaza kijishimo cha juu kwa gundi nzito zaidi, hukwangua kwa wembe na kung'arisha. Lori linaweza kuondoka mara moja.

Mteja ana njia rahisi ya kumpima fundi kabla ya kumpa kazi. Aulize gundi iliisha muda lini na inatunzwa wapi. Gundi hizi huharibika kwa joto na mwanga, na chupa iliyokaa kwenye dashibodi mwezi mzima haifai hata kama haijafunguliwa. Pia wakubaliane mapema: ufa unaweza kukimbia wakati wa kazi yenyewe, hata mikononi mwa fundi hodari. Nani atabeba hasara hiyo? Ni swali la kujibiwa kabla, si baada.

Vifaa vidogo vya kujizibia vyenye bomba la sindano na kichupa cha gundi vinauzwa kwa bei nafuu na vinasaidia kwa duara dogo moja lililo mbali na macho ya dereva. Kwa nyota, na kwa ufa, ni kubahatisha.

Hesabu ya mwenye malori

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila mmiliki anaweza kuweka namba zake. Tuchukulie kampuni ina malori 20, na kila lori linapata alama moja ya jiwe kwa mwaka. Tuchukulie pia kuziba alama kunagharimu sehemu moja ya kumi ya bei ya kioo kipya pamoja na kazi ya kukibandika. Kuziba alama zote 20 ni sawa na bei ya vioo viwili. Kama kampuni ikiziacha zote na vikapasuka vioo vitatu tu kati ya 20, imekwisha kupata hasara.

Hapo bado siku za kusimama hazijaingia. Kioo cha lori hakipatikani kila mahali. Kikipasuka Chinsali au Mpika, pengine kitasubiri kutoka Lusaka au Dar es Salaam, na lori lenye shehena ya watu haliingizi kitu huku deni la benki linaendelea. Mmiliki anayejua lori lake linaingiza kiasi gani kwa siku ajumlishe siku mbili juu ya bei ya kioo, kisha arudie hesabu. Atakuta hata kupasuka kwa kioo kimoja kati ya 20 kunakaribia kuhalalisha kuziba vyote.

Hesabu ni rahisi kiasi hicho, na bado vioo vinapasuka. Sababu haiko kwenye gundi.

Nani anakatwa

Wapo wamiliki ambao kioo kikipasuka humkata dereva kwenye mshahara au posho ya safari, bila kuuliza jiwe lilitoka wapi. Wanaona wanalinda mali. Matokeo yake ni kinyume. Dereva anayejua atakatwa hana sababu ya kuripoti alama ndogo. Akiripoti leo anakatwa leo. Akinyamaza, huenda kioo kikapasuka mikononi mwa dereva mwingine, au lori likauzwa. Kwa hiyo ananyamaza katika siku zilezile ambazo kuripoti kungeokoa fedha. Tajiri anapata habari siku ufa unapofika ukingoni.

Anayebadilisha utaratibu huo hubadilisha pia mwenendo. Mfano ni kusema kwamba alama iliyoripotiwa kwa picha ndani ya saa 24 haikatwi, na fedha ya kuziba inatoka ofisini. Iliyofichwa ndiyo yenye maswali. Gharama ya sharti hilo kwa kampuni ni ndogo kwa sababu jiwe la barabarani halichagui dereva mzembe.

Sheria nayo haimpi mwajiri uhuru anaodhani anao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania Bara inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, naye akakubali kwa maandishi. Mwajiri anatakiwa kueleza kwa maandishi chanzo na kiasi cha deni, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inazungumzia uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kokoto iliyorushwa na lori la mtu mwingine ni vigumu kuiingiza katika kifungu chochote kati ya hivyo.

Bima haifuati lori kila mahali

Wasafirishaji wengi huamini kwamba kadi ya njano ya COMESA inawalinda kwa kila kitu wakivuka mpaka. Kadi hiyo, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, inahusu madhara kwa watu wengine na matibabu ya waliomo ndani ya gari. Kioo cha lori lako mwenyewe hakimo.

Kioo huingia kwenye bima kubwa, na mara nyingi kwa kifungu chake chenye kikomo cha fedha. Maswali ya kumuuliza wakala ni mahususi: kikomo hicho kinatosha bei ya kioo cha lori au kiliandikwa kwa magari madogo? Kinga inafika Zambia na Kongo, au inaishia Tunduma? Je, dai la kioo linaondoa punguzo la kutokuwa na madai? Na je, kampuni inalipia kuziba, au inalipia kioo kipya tu? Uingereza bima nyingi humtoza mteja kidogo sana, au zisimtoze kabisa, anapochagua kuziba badala ya kubadili, kwa kuwa kampuni ya bima ndiyo inayookoa fedha. Msafirishaji mwenye malori kadhaa anaweza kuomba sharti kama hilo liandikwe kabla ya kulipa malipo ya mwaka.

Ikibidi kununua kipya

Kwa wafanyabiashara wanaoingiza vioo, kioo cha tabaka cha magari huorodheshwa forodhani chini ya namba 7007.21, tofauti na kioo kigumu cha milangoni ambacho ni 7007.11. Kuvichanganya kwenye tamko moja ni kuomba kuchelewa. Kioo kilichotengenezwa Afrika Kusini kinaweza kuingia Tanzania au Zambia kwa unafuu wa eneo huru la biashara la SADC, lililoanza mwaka 2008, iwapo kinatimiza masharti ya asili na cheti chake kimeambatanishwa. Kioo hichohicho kikienda Kenya hakipati unafuu huo kwa kuwa Kenya si mwanachama wa SADC.

Mnunuzi wa reja reja atazame pembe ya chini ya kioo. Alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 43R inaonyesha kimeidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya usalama. Vya soko la Marekani huandikwa DOT na AS1, vya China CCC. Kioo kisicho na alama yoyote kikataliwe, hata kama bei inavutia. Malori mapya yenye kamera nyuma ya kioo yanahitaji kamera hiyo ipimwe upya baada ya kioo kubadilishwa, na si kila gereji ina kifaa hicho.

Kioo cha kubandika kina sharti jingine ambalo dereva mwenye haraka ya kuwahi foleni hulisahau. Gundi yake inahitaji muda wa kushika, kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa kutegemea aina na hali ya hewa, na muda huo huandikwa kwenye kopo. Fundi amwonyeshe dereva kopo hilo kabla hajakabidhi funguo.